Ganda, Kalibu na Chemba: Historia ya Kujaza Risasi Nyumbani nchini Marekani

Risasi ya kisasa huundwa kwa sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ambalo hubeba vitu vingine vyote, fataki, ambayo ni kikombe kidogo kilichopachikwa kwenye kitako cha ganda na hulipuka kinapogongwa na pini ya bunduki, baruti, na kichwa, yaani kipande cha madini kinachotoka mtutuni kuelekea shabaha. Bunduki inapofyatuliwa, sehemu tatu hutumika na kwisha, lakini ganda hubaki, na kwa kuwa ndilo lenye gharama kubwa kuliko sehemu nyingine, watu wa Marekani walizoea tangu zamani kuliokota, kulisafisha na kulijaza tena majumbani mwao. Ganda lililofyatuliwa, hata hivyo, limekwisha kupanuka, nalo haliwezi kushika kichwa kipya wala kuingia vizuri katika bunduki nyingine mpaka libanwe upya ndani ya kalibu, ambayo ni kipande cha chuma cha pua kilichotobolewa kwa umbo la ganda lenyewe. Uchaguzi wa kalibu umebeba swali moja lililopita katika vizazi vingi: je, ganda lirudishwe kwenye vipimo vya kiwandani ili liingie katika kila bunduki ya aina yake, au liachwe na umbo la ile bunduki moja iliyolifyatua?

Swali hilo halikuwapo wakati wa bunduki za kujazwa kwa mdomo wa mtutu. Katika maeneo ya Pennsylvania na Kentucky ya karne ya 18, fundi aliyetengeneza bunduki alitengeneza pia kalibu ya kusubia vichwa, yaani koleo la chuma lenye uwazi wa mviringo ambamo madini ya risasi yaliyoyeyushwa yalimiminwa, na kwa kuwa kila mtutu ulikerezwa kwa mkono na haukulingana kabisa na mwingine wowote, kalibu hiyo ilifaa kwa bunduki hiyo tu. Mwindaji aliyepoteza kalibu yake alikuwa amepoteza nusu ya bunduki. Baruti ilipimwa kwa kipimo cha pembe au cha bati, ikamiminwa mtutuni, kisha kichwa kilichofungwa kwa kitambaa chenye mafuta kikashindiliwa kwa ufito. Hapakuwa na ganda, na kwa hiyo hapakuwa na cha kubana.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu utaratibu huo kwa jina la gobore, na kudumu kwake huku kuna sababu ya kihistoria inayostahili kutajwa. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki, hasa zile za kisasa zenye mitutu ya michirizi, katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, huku ukiacha nafasi kwa bunduki za jiwe la kiberiti zisizo na michirizi pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa Atlantiki, mkulima wa kawaida aliweza kununua kwa barua risasi za ganda la shaba pamoja na vifaa vya kuzijaza upya. Tofauti hiyo haikutokana na ufundi wala akili za watu, bali na uamuzi wa kisiasa wa mataifa yaliyokuwa yakigawana bara.

Njia ya kufikia ganda ilianzia kwenye fataki. Mwaka 1807 Alexander Forsyth, mchungaji wa parokia ya Belhelvie huko Uskoti, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka inapogongwa, na mwaka 1812 Jean Samuel Pauly, fundi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Paris, akasajili risasi iliyokuwa na kichwa, baruti na kiwashio katika kitu kimoja. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya viwanda kuweza kukunja ganda la shaba lisilo na mshono kwa bei nafuu. Palipofikiwa hapo, wagunduzi wawili walitoa majibu mawili kwa tatizo moja. Hiram Berdan, mhandisi wa Marekani, alisajili mwaka 1866 fataki ambayo fuawe yake, yaani kinundu kinachopokea pigo la pini, ilikuwa sehemu ya ganda, na moto wake ulipita katika vitundu vidogo vilivyo pembeni mwa fuawe hiyo. Mwaka huohuo Edward Boxer, ofisa wa jeshi aliyesimamia maabara ya silaha ya Woolwich nchini Uingereza, alisajili fataki iliyobeba fuawe ndani yake yenyewe, hivyo ganda likahitaji tundu moja tu katikati.

Tundu hilo moja ndilo lililofanya kazi ya nyumbani iwezekane. Katika ganda la Boxer, sindano nyembamba ya chuma ikiingizwa kutoka mdomoni hupita moja kwa moja hadi katikati ya kitako na kuisukuma nje fataki iliyokufa, na sindano hiyo ikiwekwa ndani ya kalibu, kazi ya kubana na ya kutoa fataki hufanyika kwa pigo moja. Katika ganda la Berdan sindano hugonga fuawe na kusimama. Hatima ya mifumo hii ilikuwa ya kushangaza, kwa kuwa ule wa Mwingereza ulienea Marekani na ule wa Mmarekani ukatawala viwanda vingi vya Ulaya bara, na hiyo ni moja ya sababu zilizoifanya kazi ya kujaza risasi kustawi zaidi kwa raia wa Marekani kuliko kwa raia wa nchi nyingi za Ulaya.

Jeshi la Marekani lenyewe halikuianza kazi hiyo mara moja. Risasi yake ya mwaka 1873 iliitwa .45-70, majina ya namna hiyo yakiwa na maana ya kipenyo cha kichwa kwa sehemu za mia za inchi na uzito wa baruti nyeusi kwa greni, kipimo ambacho 7,000 yake hufanya ratili moja. Maganda ya kwanza yaliyotoka katika karakana ya Frankford mjini Philadelphia yalikuwa ya shaba laini, nayo yalikuwa na fataki iliyofungiwa ndani kabisa, hivyo hayakuweza kujazwa tena. Ni katika miaka ya mwanzo ya 1880 jeshi lilipohamia kwenye ganda lenye fataki ya nje, na askari wa ngome za mbali wakapewa vifaa vya kujazia risasi za mazoezi.

Kabla yao walitangulia wawindaji wa nyati wa nyanda za kati. Katika miaka ya 1870 watu hawa walitumia bunduki nzito za kampuni ya Sharps, na kwa kuwa walikaa miezi mingi mbali na reli, walinunua baruti kwa vipipa na madini ya risasi kwa mikuo katika miji kama Dodge City, kisha wakasubu vichwa na kujaza maganda usiku kando ya moto wa kambi. Uwezo huo wa kutengeneza risasi porini, bila kungoja shehena kutoka mashariki, ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyoharakisha maangamizi ya wanyama hao: kundi kubwa la kusini lilikwisha kabla ya miaka ya 1880, na lile la kaskazini likafuata kufikia mwaka 1883 hivi. Walakota, Wacheyenne, Wakomanchi na mataifa mengine ya asili walipoteza chakula, makazi na msingi wa ibada zao. Historia ya kifaa hiki haiwezi kuandikwa kwa haki ikiliacha hilo, kwa maana koleo na kalibu vilivyosifiwa katika vitabu vya wapenda shabaha vilifanya kazi yao ya kwanza kubwa katika uharibifu huo.

Kundi la pili la wajazaji lilikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1874, kwenye uwanja wa Creedmoor katika kisiwa cha Long Island, timu ya Marekani iliyotumia bunduki za Sharps na Remington za kujazwa nyuma iliishinda timu ya Ireland iliyotumia bunduki za kujazwa mdomoni kwa alama 934 dhidi ya 931, na ushindi huo mwembamba uliwapa raia wengi hamu ya kutafuta usahihi. Vyama vya wahamiaji wa Kijerumani, ambavyo viliendeleza mashindano ya kulenga shabaha kwa kusimama, vilifika mbali zaidi: baadhi ya wanachama wake walikuja na ganda moja tu, wakalijaza mezani, wakalifyatua, wakalijaza tena, mchana kutwa. Ganda la namna hiyo halikuhitaji kalibu ya kulibana, kwa sababu lilikuwa limekwisha kujifinyanga kwa umbo la chemba, yaani ule uwazi wa nyuma ya mtutu unaolipokea, na shinikizo la baruti nyeusi lilikuwa dogo kiasi cha kutolikwamisha. Huo ulikuwa utiifu kamili kwa bunduki moja, nao ulileta makundi ya shabaha ambayo wanamichezo wa kizazi kilichofuata waliyahusudu.

Kwa watu wa kawaida, jina lililotawala lilikuwa la John Barlow, aliyeanzisha kampuni ya Ideal mjini New Haven, jimbo la Connecticut, mwaka 1884. Kifaa chake kilikuwa koleo la mkono ambalo mikono yake miwili ilibeba kazi zote, kuanzia kutoa fataki, kupachika nyingine, kubana mdomo wa ganda hadi kukandamiza kichwa mahali pake, na baadhi ya aina zilikuwa hata na kalibu ya kusubia kwenye ncha. Barlow alitoa pia vijitabu vya maelekezo vilivyochapishwa tena na tena, ambavyo vilimfundisha mtu asiye fundi maana ya kila hatua na hatari yake, na kwa maoni ya mwandishi wa historia hii mchango huo wa maandishi una uzito kuliko wa chuma, kwa sababu kifaa bila maarifa katika kazi ya baruti ni msiba unaongoja siku yake. Koleo la Ideal lilibana shingo ya ganda, yaani sehemu ya mbele inayoshika kichwa. Aliyetaka kubana kiwiliwili kizima alitumia kalibu ya peke yake, akaligongomea ganda ndani yake kwa nyundo au kulisukuma kwa jiliwa. Mwaka 1910 kampuni hiyo ilinunuliwa na Marlin, na mwaka 1925 shughuli zake zikaingia mikononi mwa Lyman, kampuni ya mji wa Middlefield iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya kulengea tangu 1878.

Katikati ya miaka hiyo mambo yalibadilika kutoka kwenye mizizi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi, na muongo mmoja baadaye viwanda vya Marekani vilikuwa vikiuza risasi za .30-30 zilizojazwa baruti ya aina hiyo. Shinikizo ndani ya chemba lilipanda hadi zaidi ya maradufu ya lile la baruti nyeusi, maganda yakawa na umbo la chupa, likiwa na kiwiliwili kipana, bega linaloteremka na shingo nyembamba, na shaba iliyosukumwa kwa nguvu hiyo haikurudi yenyewe kama zamani. Koleo la mkono likashindwa. Zaidi ya hayo, fataki za wakati huo zilikuwa na zebaki, ambayo baada ya mlipuko iliingia katika shaba na kuifanya iwe na wepesi wa kupasuka, hivyo ganda lililoonekana zima liliweza kuvunjika katika ujazo wa pili; chumvi za fataki nyingine nazo zilitia mitutu kutu. Hali ilianza kutengemaa mwaka 1927, kampuni ya Remington ilipoleta sokoni fataki zisizotia kutu kwa jina la Kleanbore.

Risasi ya jeshi ya mwaka 1906, iitwayo .30-06, ilileta tatizo jingine ambalo ndilo kiini cha uchaguzi wa kalibu mpaka leo. Maganda mengi ya awali yalikuwa na ukingo uliotokeza kwenye kitako, na ukingo huo ndio uliolizuia ganda lisizame chemba kupita kiasi, lakini ganda la .30-06 halikuwa na ukingo wa namna hiyo, bali lilizuiliwa na bega lake. Kalibu ikilisukuma bega nyuma kuliko inavyotakiwa, ganda huwa fupi kuliko nafasi yake, na risasi inapolipuka sehemu ya mbele huganda kwenye kuta za chemba huku kitako kikisukumwa nyuma mpaka kigonge komeo, yaani kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma, nayo shaba iliyo katikati huvutika na kuwa nyembamba. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, mstari unaong'aa hutokea juu kidogo ya kitako, na huo ni ishara kwamba ganda liko karibu kukatika vipande viwili na kuachia gesi ya moto karibu na uso wa mpigaji. Kalibu isiyobana bega ya kutosha huleta kosa la upande wa pili: komeo halifungi. Kati ya makosa hayo mawili pana nafasi ya sehemu chache za elfu za inchi tu, na ndani ya nafasi hiyo ndimo sanaa yote ya kubana ganda ilimojengwa.

Ili nafasi hiyo ijulikane ilibidi kwanza watengenezaji wakubaliane juu ya vipimo. Mwaka 1926, kwa ombi la serikali ya shirikisho, viwanda vya Marekani viliunda taasisi ijulikanayo kwa kifupi SAAMI, ambayo ilipewa kazi ya kuweka viwango vya risasi na chemba. Ulaya ilikuwa imeanza juhudi kama hizo kwa makubaliano ya mwaka 1914 yaliyozaa tume yenye makao Liège, Ubelgiji. Kuanzia hapo kalibu iliyotengenezwa California iliweza kubana ganda lililotoka Connecticut kwa ajili ya bunduki iliyokerezwa New York. Mwaka 1937 Philip Sharpe alichapisha kitabu kikubwa cha mwongozo wa ujazaji, na Earl Naramore akatoa cha kwake mwaka huohuo, nao wajazaji wakapata maelezo ya kina kuhusu shinikizo, shaba na vipimo.

Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha karibu kila kitu, kwa kuwa viwanda viligeuzwa kuhudumia jeshi na vichwa vya risasi vikaadimika madukani. Mjini Oroville, California, Fred Huntington alikuwa akifanya kazi katika biashara ya kufua nguo ya familia yake huku akipenda kuwinda panya-buku wa milimani, na mwaka 1943 alianza kutengeneza kalibu za kukandamizia vichwa ambazo ziligeuza maganda matupu ya risasi ndogo za .22 kuwa koti la shaba linalofunika kiini cha madini ya risasi. Hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo, lakini kalibu zake zilikuwa na usahihi uliowavutia watu, na kampuni yake, RCBS, ilichukua herufi zake kutoka jina la Kiingereza la mnyama yule na la kalibu zile. Amani iliporejea, aligeukia kalibu za kubania maganda na mitambo ya mezani ya kuzisukuma kwa wenzo, na humo ndimo jina lake lilimokua.

Watu wengine walijitokeza katika miaka hiyohiyo. Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua tani nyingi za baruti iliyobaki jeshini, hasa ile ya namba 4895 iliyokusudiwa kwa .30-06, akawauzia raia kwa bei ndogo. Vernon Speer alijenga biashara ya vichwa huko Lewiston, Idaho. Na Joyce Hornady, aliyewahi kushirikiana naye, alianzisha kampuni yake mwaka 1949 mjini Grand Island, Nebraska. Askari waliorudi kutoka vitani walikuwa wameizoea bunduki, baruti ilikuwa rahisi, na maganda ya jeshi yalipatikana kwa wingi. Kilichobaki kilikuwa kukubaliana juu ya jinsi kalibu inavyoshikwa na mtambo, na hatua kwa hatua watengenezaji walikubali hesi ya nje yenye kipenyo cha inchi 7/8 na mizunguko 14 kwa kila inchi. Makubaliano hayo hayakuandikwa na serikali yoyote, lakini yalimpa mnunuzi uhuru mkubwa, kwa kuwa aliweza kufunga kalibu ya kampuni moja katika mtambo wa kampuni nyingine.

Tangu hapo kalibu ziliuzwa kwa seti. Maganda ya umbo la chupa yalipewa kalibu mbili, moja ya kubana na kutoa fataki, ambayo ndani yake hupita tufe dogo la kupanulia shingo kwa kipimo sahihi, na nyingine ya kupachika kichwa. Maganda yaliyonyooka ya bastola yaliongezewa ya tatu, ambayo kazi yake ni kutanua mdomo kidogo ili kichwa kiingie bila kukwaruzwa. Katika kundi hili la bastola kulitokea pia maendeleo yaliyowafurahisha wengi: pete ya kabaidi ya tangisteni, dutu ngumu na telezi kuliko chuma cha pua, iliyopachikwa mdomoni mwa kalibu, ilibana maganda bila kupakwa mafuta. Kwa ganda la chupa mafuta yalibaki ya lazima, na aliyesahau kuyapaka alikuta ganda limenasa kalibuni kiasi cha kung'oa ukingo wa kitako.

Swali la zamani lilirudi kwa njia mbili ambazo hazikufanana. Richard Lee wa Wisconsin alianza mwaka 1958 kuuza kifaa cha mkono cha kujazia maganda ya bunduki za marisau, kisha akatoa aina za raifo ambazo kalibu yake iligongwa kwa nyundo na kubana shingo pekee; mtu mwenye kipato kidogo akapata risasi nzuri, kwa sharti kwamba zirudi katika bunduki ileile iliyozifyatua mwanzo. Walenga shabaha wa mezani, ambao hushindana kwa udogo wa kundi la matundu, walifika hapohapo kwa sababu ya usahihi na si ya bei. Wao walitumia kalibu za kusukumwa kwa mkono kama zile za L. E. Wilson wa mji wa Cashmere, jimbo la Washington, wakiamini kwamba ganda lililoachwa na umbo la chemba hukikalisha kichwa katikati ya mtutu kuliko ganda lililobanwa lote.

Imani hiyo ilitawala kwa miongo kadhaa, kisha uzoefu ukaipunguza nguvu. Ganda lililobanwa shingo tu hukaza kidogo kila linapofyatuliwa, mpaka komeo lihitaji nguvu kufungwa, na mshindani anayepambana na komeo hutikisa bunduki iliyotulia mezani. Risasi ya 6mm PPC, iliyobuniwa katikati ya miaka ya 1970 na Lou Palmisano na Ferris Pindell kwa kufinyanga maganda ya .220 Russian, ilitawala mashindano hayo kwa haraka, na kwa kuwa chemba zake zilikerezwa kwa vipimo vya mafundi binafsi, kalibu za dukani hazikuzitosha zote. Kampuni kubwa zilikuwa zimeanza kubadili wamiliki wakati huo, kwani Hornady ilikwisha kuinunua Pacific mwaka 1971 na Huntington aliiuza RCBS kwa kampuni ya Omark mwaka 1976, lakini kwa upande wa usahihi wa juu kabisa kazi ilibaki kwa mafundi wachache. Wengi wa washindani wa leo wamerudi kubana ganda zima, ila kwa kalibu iliyokatwa kulingana na kekee iliyokata chemba ya bunduki husika, ambayo husukuma bega nyuma kwa sehemu moja au mbili tu za elfu za inchi.